Vistari viwili ambavyo sikuviandika

Kisangani, Jumamosi. Mvua tangu alfajiri.

Bado ni asubuhi. Nimekaa chumbani kwetu hapa Kabondo, nimeshavaa, viatu viko mlangoni, na sitoki. Nasingizia mvua. Mama amepita akanitazama, akasema watu wa mji huu hawajawahi kuyeyuka kwa maji ya juu, akaenda zake jikoni. Anadhani bado naumwa, kwa sababu jana nilimwambia kila mtu kwamba nina homa.

Sina homa.

Nilifanya jambo baya Alhamisi, na Ijumaa nzima nikalinyamazia, na kule kunyamaza ndiko kunakonitesa zaidi ya jambo lenyewe. Nitaeleza. Kama kuna mtu anayesoma hapa asiyejua kompyuta, asiogope, nitakwenda polepole. Mimi mwenyewe nahitaji kwenda polepole.

Ninashughulikia kompyuta za redio moja ndogo iliyoko Lubunga, ng'ambo ya mto. Nikisema "kompyuta za redio" najisifu tu, ni moja. Iko chini ya meza ya studio, ina vumbi, feni yake inakohoa, na kazi yake ni kupiga miziki, kupiga vipindi vilivyorekodiwa, na kurekodi kila kitu kinachokwenda hewani. Kila kitu. Nilipoipanga hivyo watu walinisifu, nami nikajiona mtu wa maana.

Katika hicho "kila kitu" kulikuwa na sauti ya Ya Béa.

Ya Béa ni dada yetu mkubwa pale redioni. Mzaliwa wa Yanonge, Mkristo wa Misa kila Jumapili, mkali, mcheshi akitaka. Kwa miaka mingi ndiye aliyesoma matangazo ya watu: fulani amejifungua, fulani arudi haraka, mashua ya fulani itachelewa, fulani ametutoka. Sisi tunayaita communiqués. Alisoma kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Lingala, na kwa Kilokele kwa ajili ya watu wa mtoni kule chini, Yanonge mpaka Isangi. Sauti yake ilikuwa nene na tulivu, na ukiisikia unajikuta umekaa vizuri kwenye kiti bila kuambiwa.

Kisha akapata uvimbe shingoni, wakampasua. Daktari alimwambia mapema kwamba sauti inaweza kubadilika, naye akakubali, kwa sababu uvimbe ule ulikuwa unataka kumziba koo. Amepona, ashukuriwe Mungu. Ila sauti haikurudi. Kilichobaki ni mkwaruzo, kama mtu anayesugua chini ya sufuria na kijiko. Tangu siku hiyo hajagusa kipaza sauti. Anakuja kila siku, anapokea karatasi za watu, anazipanga, anasahihisha majina, na mzee wetu mtangazaji, tonton Fidèle, ndiye anayesoma.

Mwezi uliopita aliniita pembeni akaniomba kitu. Nichague vipande katika rekodi zake za zamani, salamu tu, "mabibi na mabwana", majina ya vijiji, ili kila kipindi cha communiqués kifunguliwe na sauti yake ya kale kabla ya Fidèle kuanza. Aliniomba kwa kunong'ona, akitazama ukutani. Mtu ambaye haombi kitu kwa yeyote. Nikamwambia, "Ya Béa, hiyo ni kazi ndogo, niachie mimi."

Niachie mimi!

Alhamisi diski ya kompyuta ikajaa. Upepo ulikuwa mkali, pirogi, mitumbwi ya kuvukia, hazikuvuka, basi nikaamua kuifanya kazi kutoka nyumbani kwa njia ya intaneti. Nilikuwa na skripti yangu ya kusafisha. Skripti ni maandishi tu, mistari ya amri, na kuna programu inayoisoma mstari kwa mstari na kufanya inachoambiwa. Programu hiyo wenyewe wanaiita mkalimani. Skripti yenyewe haina mikono, mkalimani ndiye mwenye mikono.

Skripti yangu niliitengenezea njia mbili. Ukiiita peke yake, inafuta rekodi zote zenye zaidi ya mwaka mmoja. Ukiiita na neno dogo pembeni yake, -v, haifuti kitu, inakuonyesha tu ingefuta nini. V ya vérifier, yaani kuhakiki. Nimesoma kwa Kifaransa toka shule ya msingi, kichwa changu kikishika kazi kinafikiri kwa Kifaransa, kwa hiyo v ni vérifier, na sikuona sababu ya kujiuliza zaidi. (Mtu mwenye busara angepanga kinyume: ikiitwa peke yake ionyeshe tu. Najua. Nimeshajitukana vya kutosha.)

Mpango wangu ulikuwa safi. Kwanza -v, nione orodha. Kisha nihamishe rekodi za Ya Béa, niziweke pahali pake. Kisha ndipo nifute zilizobaki.

Siku zote huwa nainakili skripti kwenye kompyuta ya redio na kuiita palepale, na hapo -v inafanya kazi vizuri, nimeshaitumia mara nyingi. Alhamisi haikuwezekana. Diski ilikuwa imejaa mpaka haikubali hata faili dogo kama lile. Basi nikafanya kitu ambacho siku zote nakiona ni ufundi: nikaipitisha kwenye bomba. Kuna alama kwenye kibodi, mstari uliosimama, ndiyo tunayoiita bomba. Unachomimina upande huu kinatokea upande ule. Nikaimimina skripti kutoka hapa Kabondo, ikavuka mto, ikaingia moja kwa moja kinywani mwa mkalimani kule Lubunga bila kuandikwa popote. Nikaandika hivi:

cat safisha.sh | ssh redio bash -s -v

Cat inamimina, ssh inavusha mto, bash ndiye mkalimani. Ile -s inamwambia: soma kinachokuja kwenye bomba. Na ile -v ya mwisho niliituma kwa skripti yangu.

Tatizo ni kwamba skripti ilikuwa bado ndani ya bomba, njiani. Aliyekuwa mlangoni ni mkalimani, na mkalimani naye ana -v yake mwenyewe. Kwake v haina habari na vérifier. Kwake maana yake ni: kila mstari utakaousoma, uonyeshe kwenye skrini, kisha endelea na kazi. Akaipokea -v yangu akidhani ni yake. Skripti ilipofika, ikauliza kama kuna neno lolote lililotumwa kwa ajili yake. Hakukuwa na neno. Basi ikafanya inachofanya ikiitwa peke yake.

Na mimi nilikuwa natazama! Hilo ndilo linaloniuma. Mistari ilipita mbele ya macho yangu, nikauona mpaka mstari wa kufuta, nikajiambia vizuri, inanionyesha ingefuta nini. Nilikuwa na chai mkononi. Nilichovya mkate.

Baadaye nikauliza diski imebaki na nafasi kiasi gani, na nafasi ilikuwa tele.

Nilifurahi. Kabla akili haijafika, nilifurahi.

Kilichotakiwa ni vistari viwili tu katikati:

cat safisha.sh | ssh redio bash -s -- -v

Vistari hivyo vinamwambia mkalimani: maneno yako yameishia hapa, yanayofuata si yako, mpe mwenyewe. Ningeviandika, Ya Béa angekuwa na sauti yake.

Utaniuliza nakala iko wapi. Kulikuwa na diski ya nje, ikaharibika, nikasema nitatafuta nyingine, na nikaendelea kusema hivyo hadi Alhamisi.

Sasa linakuja lile ambalo sijamwambia mtu. Faili likifutwa haliondoki mara moja. Linabaki palepale kwenye diski, limepoteza jina tu, mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Ukizima kompyuta haraka, unaweza kuokoa mengi. Nililijua hilo tangu Alhamisi, chai ikiwa bado ya moto. Kilichotakiwa ni simu moja kwenda Lubunga: zimeni mashine. Lakini wangeuliza kwa nini. Kwa hiyo sikupiga simu. Na kompyuta imeendelea kurekodi, Alhamisi yote, Ijumaa yote, muziki na matangazo ya sabuni yakijilaza juu ya sauti ya Ya Béa, kwa sababu mimi niliona aibu kuulizwa swali.

Hata sasa ninapoandika, inarekodi.

Mvua imepungua. Naenda.

*

Nimerudi. Ni alasiri, nguo zangu zinakauka kwenye kamba ya barazani, na mezani kwangu kuna diski ya redio. Nitaandika yote kabla sijaanza kuyapamba.

Nilimkuta Ya Béa peke yake studio, amejifunga kitambaa chake cha shingoni, anapanga karatasi za saa sita mchana. Tonton Fidèle yuko Isangi tangu jana kwa mambo ya familia, alirekodi communiqués zake zote kabla ya kuondoka na kuziacha ndani ya kompyuta. Feni ilikuwa inakohoa chini ya meza. Nilipoisikia ile feni karibu nigeuke nirudi.

"Homa ilikwisha?" akanong'ona bila kuinua kichwa.

Nilikuwa nimepanga maneno kwenye pirogi, yote yakapotea. Nikakumbuka kitu alichonifundisha nilipoanza kazi pale. Siku hiyo alinipa karatasi moja nisome hewani, habari ya msiba, nami nikaanza na habari yenyewe: "Amefariki..." Akazima kipaza sauti kabla sijamaliza neno la pili. Akanieleza kwamba mto mzima unasikiliza, na kila mama aliye na mtu safarini moyo wake umeshasimama. Kwanza unaita jina la mwenye habari, na kijiji chake. Halafu unanyamaza. Unampa nafasi aitwe kutoka jikoni au shambani, na wasiohusika unawapa nafasi ya kushusha pumzi. Kisha unaita tena jina. Ndipo unasema.

Basi nikasimama mbele ya meza yake kama mtoto wa shule, nikasema, "Béatrice wa Yanonge."

Akainua kichwa.

Nikanyamaza. "Béatrice wa Yanonge, unayekaa Lubunga."

Akaweka kalamu chini. "Iko yangu?"

"Iko yako, Ya Béa."

"Alors, sema."

Nikasema. Sikusema vizuri, nilianza na upepo na diski iliyojaa, nikarudi nyuma, lakini nilisema mpaka mwisho, pamoja na homa ya uongo. Aliuliza zilizofutwa ni zipi, nikamwambia zote, maana tangu apasuliwe umepita mwaka, na za kabla ya hapo ndizo zilizokuwa zake. Akaguna.

"Na mu machine hakubakia kitu?"

"Kulibakia, labda. Lakini kila saa yenye machine iko inaandika, inafunika."

"Inafunika tangu siku gani?"

"Tangu Alhamisi."

"Na weye ulijua."

Nikasema ndiyo, nilijua.

Sijawahi kuona mtu akikasirika bila sauti. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hewa na mkwaruzo mdogo, akapiga meza kwa kiganja, karatasi zikaruka. Akapiga tena. Nilitamani anitukane. Angekuwa Ya Béa wa zamani, wangemsikia mpaka kwenye kituo cha gari la moshi. Machozi yalimtoka akayafuta haraka kwa pembe ya kitambaa, akaonekana amekasirishwa na machozi yenyewe.

"Ile sauti njo yote ilibakia," akasema, yaani ndiyo hiyo tu iliyombakia. Alikuwa ameshika koo.

Nikaanza kumweleza kwamba bado kuna namna, kwamba tukiizima mashine sasa ninaweza kwenda nayo diski nyumbani nikajaribu, ila kabla ya kuzima inabidi kwanza... Sikumaliza. Aliinama chini ya meza, akashika waya wa kompyuta, akaung'oa ukutani. Feni ikakata kikohozi. Redio yote ikawa kimya, hewani kote, mpaka Isangi.

Nilichotaka kusema ni kwamba inabidi kwanza tuzitoe communiqués za tonton Fidèle.

Nilimwambia. Alibaki amechuchumaa na waya mkononi. Kuiwasha tena haikuwezekana, maana mashine ikiamka tu inaandika vitu vyake yenyewe, na inaweza kuandika palepale. Tulikuwa na meza ya sauti, vipaza sauti viwili, na karatasi. Saa sita ilikuwa inakaribia.

Wakati tunazipanga upya zile karatasi akaniuliza kuhusu ile v. Alitaka kujua hasa. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa juu, kwamba nilituma neno kwa skripti, mkalimani akadhani ni lake.

Akafikiri. "Donc haukuita jina."

"Hapana."

"Mimi nilikufundisha miaka yote ile, na haukuita jina." Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu karibu na kicheko, lakini hakikufika. Nikamwambia kwamba jina lenyewe ni vistari viwili. Akataka nivichore. Nikavichora nyuma ya karatasi. Akavitazama, akasema, "Vidogo vile," akaigeuza karatasi.

Saa sita nilikaa kwenye kipaza sauti. Nilisoma za Kiswahili, nikasoma za Kifaransa. Nikaita majina, nikanyamaza, nikaita tena. Nilizimaliza. Zikabaki za Kilokele, karatasi chache, na mimi Kilokele sijui. Kwetu ni watu wa Kiswahili toka babu wa babu, hatukuwahi kuwa watu wa nyavu kama Walokele. Ninaweza kusalimia sokoni, basi.

Ya juu kabisa ilikuwa ya msiba. Kijana amefariki Lubunga, mama yake yuko kijiji kimoja chini ya Yanonge, wanazika kesho. Nikamwonyesha Ya Béa kwa kidole. Nikafunga kipaza sauti, nikasema nitaisoma kwa Kiswahili, mtu atamtafsiria.

"Nani?" akanong'ona. "Ule mama hasikie Swahili. Nani atamutafsiria, na watu wote bako mashamba?"

Nikapendekeza tumpigie simu Fidèle. Tulipiga, haikupatikana. Muda wote huo hewani palikuwa kimya, na redio ikinyamaza saa ya communiqués watu wanafikiri jambo limetokea mjini. Ya Béa aliiangalia ile karatasi. Akafungua kitambaa cha shingoni, nikaliona kovu, sikuwahi kuliona, akakisogeza kiti changu pembeni nikiwa bado juu yake. Akafungua kipaza sauti.

Mkwaruzo ule ukaingia kwenye spika. Nilitaka kujificha. Vyombo vilivyotengenezwa kuipendezesha sauti yake vikaichukua na kuikuza kila mahali ilipovunjika. Aliita jina la yule mama. Akaita kijiji.

Halafu akanyamaza.

Akanyamaza muda mrefu, mrefu mno, nikadhani ameshindwa, nikanyoosha mkono nizime. Akanipiga mkono bila kunitazama. Alikuwa anangoja. Kule chini, mtoni, kuna mtu alikuwa anakimbia kumwita yule mama, na Ya Béa alikuwa anamngoja afike.

Akaita tena. Akasema habari. Sijui Kilokele, lakini nilijua neno la msiba lilipopita, kwa sababu pale alishusha sauti, ile ile sauti mbovu, akaishusha taratibu kama mtu anayemkalisha mwenzake chini. Akasoma zilizobaki. Akafunga kipaza sauti, akanywa maji, akajifunga kitambaa chake.

Hakuna kilichotokea. Nilikuwa naitazama simu ya studio, sijui nilitegemea nini. Haikulia. Ya Béa akaniambia nifungue mashine nichukue diski yangu, nisipoteze mchana. Nilipokuwa nafungua skrubu, akasema akiwa amenipa mgongo:

"Ukipata kitu, weka. Usinisikilizishe."

Nikauliza kama bado anataka zile salamu za kufungulia kipindi.

"Nimesema weka." Kisha akaongeza, "Kesho Fidèle hayuko. Kesho nitasoma mimi."

Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Nilipoaga alikuwa tayari anasahihisha majina.

Kwenye pirogi ya kurudi tulikuwa wengi, mvua imeacha, mto umevimba na una rangi ya chai ya maziwa. Diski nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki, nimeikumbatia. Nyuma yangu baba mmoja alikuwa anawachekesha wenzake.

"Redio ya Lubunga leo ilipata nani? Sauti kama ya mutu mwenye alikunywa lotoko yote ya matanga."

Watu wakacheka. Lotoko ni pombe kali ya nyumbani, na msiba wenyewe ndio huo matanga. Nilitaka kugeuka niseme kitu, na ningesema nini? Kwamba sauti ile ya kuchekwa ilipelekwa hewani na mimi?

Mama mwenye beseni la chikwangue, ile mikate ya mihogo ya majanini, aliyekuwa mbele kabisa, akamjibu bila kugeuka.

"Funga kinywa. Ule ni Ya Béa."

"Ya Béa gani? Ya Béa minamujua, sauti yake haikuwa vile."

"Ni yeye. Nani mwingine anaita jina, ananyamaza vile, mpaka unaacha kisu?" Akashika beseni lake, pirogi ilikuwa inayumba. "Mimi niliacha kisu. Nikasema, amerudi."

Mimi nilitazama maji mpaka ng'ambo.

Sasa diski iko hapa mezani, imeunganishwa na kompyuta yangu, na programu ya kuokoa inaichambua kipande kwa kipande. Naiangalia kila mara, haiendi haraka kwa kuangaliwa. Imeshapata vipande kadhaa. Havina majina, vina namba tu. Vingine havifunguki. Kimoja ni wimbo wa kwaya uliokatwa katikati na tangazo la sabuni, sabuni ya Ijumaa, siku niliyokuwa kitandani na homa yangu. Na kimoja ni yeye. Nimekisikiliza, yeye amekataa kusikilizishwa, mimi sikukatazwa. Ni sauti ile nzima, nene, tulivu. Anaita jina la mwanamke wa Isangi, ananyamaza, na hapo kinakatika. Habari yenyewe haimo. Nimekirudia mara kadhaa kama mjinga, kana kwamba nikirudia ataendelea.

Mama ameingia na sahani ya wali na pondu, kisamvu chetu, akaniuliza kama homa imepona. Nikamwambia haikuwapo. Akaweka sahani, akasema alijua, akatoka.

Kuna swali ambalo silimalizi. Yule mama wa chikwangue amefurahi kwamba Ya Béa amerudi, na nikitaka naweza kujifariji na hilo, niseme kumbe jambo limezaa heri. Sitaki. Mtu aliniomba nimfichie sauti yake mpya nyuma ya sauti yake ya zamani, kama unavyojifunika kitambaa, na mimi nikakipoteza kitambaa, kisha nikanyamaza, na leo alikaa mbele ya mto mzima shingo wazi. Je, amesema "nitasoma mimi" kwa sababu anataka? Au kwa sababu sikumwachia njia nyingine? Yeye peke yake ndiye anayeweza kunijibu, na sidhani kama atanijibu hivi karibuni.

Skripti nimeiandika upya. Ukiiita peke yake, haigusi kitu. Ilinichukua muda mfupi sana, na huo ufupi umenitia uchungu.

Kesho saa sita redio ya mama itakuwa jikoni, juu ya kabati, na mimi nitakuwa chini yake. Ya Béa ataita jina la mtu. Akinyamaza, sitanyoosha mkono kama leo. Nitangoja naye.